Nguo Kuukuu si Kuni

Leo tutazungumza juu ya nguo. Huenda mtu akauliza, nguo zinamhusu nini muuguzi? Zinanihusu kwa sababu ya moshi.

Mwezi wa Julai, baridi inapobana hapa Gakindu na kuni zimelowa, mama hutafuta kitu cha kuwashia moto upesi. Zamani ilikuwa mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na sasa mkono unaenda kwenye fulana iliyochanika au soksi iliyopoteza mwenzake. Inashika moto haraka, na uji unachemka. Lakini nguo nyingi za siku hizi ni plastiki vilevile, kwa sura nyingine. Poliesta, nailoni na akriliki hutokana na mafuta yaleyale ya ardhini yanayotupa petroli na dizeli. Zikiungua hutoa moshi wenye sumu, na mtoto aliye mgongoni anauvuta. Mapafu yake ni madogo, naye hupumua haraka kuliko wewe. Moshi wa kuni peke yake humwongezea mtoto hatari ya nimonia. Tusiutilie plastiki.

Nguo hizi zimejaa hivi kutoka wapi? Viwanda vya ng'ambo hushona mitindo mipya kila mara kwa bei ya chini. Mnunuzi wa huko huvaa mara chache, kisha anatupa. Marobota hushuka Mombasa, hupanda hadi Gikomba, halafu Karatina, mpaka kwetu. Ripoti ya mwaka 2023 ya shirika la Changing Markets Foundation ilikadiria kwamba mwaka 2021 Kenya ilipokea nguo za mitumba zaidi ya milioni 900. Kati ya hizo, zaidi ya milioni 300 zilikuwa za nyuzi za plastiki na hazikufaa kuuzwa. Wafanyabiashara wa mitumba walizipinga hesabu hizo. Mimi sitaingilia ubishi huo, ila kila anayefungua robota anaijua fagia, yale mabaki ya mwisho yasiyo na mnunuzi. Nyingine hugeuzwa matambara, nyingine huchomwa, nyingine huishia kando ya Mto Nairobi.

Msinielewe vibaya. Siwaambii mwache mitumba, hata mimi huvaa. Nguo iliyoachwa na mwingine ukiivaa miaka mitano, umeiokoa. Wala pamba si bure: fulana moja ya pamba inakadiriwa kutumia maji lita 2,700 tangu shambani hadi dukani. Basi heri kununua chache na kukaa nazo.

Ukiwa sokoni usikimbilie tano za bei ya kutupa. Pindua nguo ndani nje, vuta mshono, tazama kwapa na magoti, soma lebo. Kama lebo imekatwa na hujui umenunua nini, chomoa uzi mmoja kwenye pindo ukiwa nyumbani, uuwashe kwa kiberiti nje, mbali na watoto. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kidonge hicho ndicho kinachonitia hofu zaidi. Jaketi lile laini la manyoya ya plastiki, ambalo tunamvisha mtoto kwa baridi kisha tunamketisha karibu na mafiga, likishika moto huyeyukia kwenye ngozi. Karibu na moto mvishe pamba au sufi, tena isiyoning'inia. Nguo ikiwaka, mlaze chini umfunike kwa blanketi zito la pamba au sufi mpaka moto uzime. Mwagilia jeraha maji safi ya baridi, yakitiririka kwa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikiwa na joto. Kitambaa kilichoganda kwenye ngozi usikibandue. Usipake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Mlete kituoni mara moja.

Sasa zile zilizochakaa tuzifanyeje? Zipu iliyokufa na goti lililotoboka ni kazi ya fundi wa cherehani, na bei yake ni ndogo kuliko suruali mpya. Sweta iliyotoboka kiwiko inaweza kufumuliwa, uzi ukafumia ya mtoto au kiondo. (Nyanya zetu walifanya hivyo bila kufundishwa na muuguzi.) Nguo za mtoto mchanga hazichakai, yeye ndiye anayezikua, kwa hivyo mpe wifi yako au jirani anayetarajia. Lakini za kupokea na za mitumba zifue kwa sabuni na maji moto, zianike juani, kisha zipige pasi kabla ya kumvisha, kwa ajili ya upele. Za plastiki zipigie pasi ya joto dogo.

Isiyoshoneka ikate matambara ya kupangusia, au ijaze mto wa kiti. Isiende chooni, maana haiozi na shimo litajaa kabla ya wakati wake. Isiende mtoni. Na kwa kuwashia moto, anika maganda ya mahindi na vijiti wakati wa jua, uviweke darini. Ukipika, fungua mlango na dirisha, na mdogo akae na mtu nje ya jikoni.

Wiki ijayo tutaongea juu ya chanjo ya surua, kwa hivyo tafuteni vile vitabu vya kliniki mapema. Kwaherini.