Maneno ya Kuagana ya Wanafunzi wa Rumonge

Bismillahi Rahmani Rahim.

Leo twaagana. Hapa Rumonge, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, tulisoma pamoja, tukala pamoja dagaa kwa mawese, tukachekana kwa makosa ya hesabu. Mmoja wetu ataka udaktari, wa pili ualimu, wa tatu biashara kule Bujumbura. Mwenyezi Mungu awajaalie.

Lakini mwenzetu mmoja hayumo katika safu hii. Aliacha masomo akaenda kuvua usiku, apate kuwalisha wadogo zake. Kila tulipodurusu tukiziona taa za mitumbwi ziwani, tulimkumbuka. Basi atakayetangulia kupata kazi, na amlipie ada mdogo wake mmoja. Ahadi hii twaiweka leo. Ninyi wazazi wetu muwe mashahidi.

Wabillahi taufiki.