Hewa Nyembamba Iangushayo Setilaiti

Leo twataka kuzungumza habari ya hewa iliyo juu sana, nyembamba mno hata mtu hawezi kuivuta akaishi, nayo yaweza kuangusha chombo cha tani zaidi ya 70.

Wengi hudhani kwamba hewa hukoma ghafula, kama maji yakomavyo ufukoni. Sivyo. Hupungua kidogo kidogo kadiri tupandavyo, na hata kilomita 400 juu ya ardhi ingali ipo. Setilaiti huko huenda zaidi ya kilomita 7 kwa kila sekunde, na hewa ile huizuia, ikaipunguzia kimo kila izungukapo dunia. La ajabu ni hili: ishukapo huzidi mbio, kama jiwe literemkalo mlimani. Lakini huko chini hewa ni nzito zaidi, basi huzuiwa zaidi, ikazidi kushuka, hata mwisho ikaungua.

Hewa hiyo ilipimwa kutoka pwani ya Kenya. Mwezi wa Aprili 1967 Waitalia walirusha setilaiti San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa tufe lenye ganda jepesi nje na kitu kizito ndani, vimeunganishwa kwa mikono inyumbukayo. Hewa ilipolisukuma ganda, mikono ilipinda. Kwa kupinda huko wataalamu walijua nguvu ya hewa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, hewa ile ile waliyoipima iliiteremsha.

Kuna faida gani kuijua hewa hiyo? Tutazame Skylab, nyumba ya angani ambayo Marekani iliipeleka juu mwezi wa Mei 1973. Walitumaini kwamba chombo kipya kingekwenda kuisukuma juu tena kabla haijaanguka. Lakini jua lilichafuka kuliko walivyokadiria. Jua likichafuka, hewa ya juu hupata joto, ikavimba na kupanda. Basi Skylab ilizuiwa zaidi, ikaanguka tarehe 11 Julai 1979, na chombo kile kipya hakikuruka hata Aprili 1981. Vipande vyake vilianguka katika Bahari ya Hindi na magharibi ya Australia. Kwa bahati hakuna aliyeumia.

Basi, ndugu zetu, mkiona usiku nyota ndogo ipitayo kimya kimya, jueni kwamba safari yake ina mwisho, na mwisho huo hauwezi kukadiriwa pasipo kulijua jua pia.