Sanaa ya Mwajiriwa: Hakimiliki ni ya Nani?

Wachoraji, wachongaji na wabunifu wenzangu,

Niliombwa nizungumzie msanii aliyeajiriwa. Nitamzungumzia, ila sehemu kubwa ya mada hii itamhusu asiye na ajira, kwa kuwa hapa Kenya yeye ndiye anayeumia zaidi.

La mwajiriwa halina utata mwingi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinaanza kwa kumpa mtunzi haki. Kisha kinasema kwamba kazi iliyofanywa katika kutekeleza ajira, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Katuni ya ukurasa wa maoni ni ya gazeti lililomwajiri mchoraji. Picha anayoichora nyumbani Jumapili, isiyohusu kazi yake, ni yake. Ugomvi huzuka katikati, kwa mfano mhasibu anapobuni nembo ya kampuni kwa hiari yake. Hapo mimi ningeanza na barua ya ajira: majukumu yake yaliandikwaje? Kwamba alitumia kompyuta ya ofisi si jibu, hata kama mameneja wengi hudhani ni jibu.

Sasa tazama kinachofuata. Kifungu hichohicho kinamweka mteja aliyeagiza kazi sawa na mwajiri. Hakulipi mshahara, hakupi likizo wala bima, lakini msipoandikiana chochote, hakimiliki inamwendea. Tena kifungu cha 33 kinadai kwamba anayeuza hakimiliki atie saini kwenye maandishi. Kwa kazi ya oda, kunyamaza kwako kunatosha! Sioni haki iliyomo humo.

Waingereza, ambao tulirithi kwao sheria nyingi, hawafanyi hivyo. Sheria yao ya 1988 humpa mwajiri kazi ya mwajiriwa, lakini kazi ya kuagizwa humwachia msanii. Marekani nako kulikuwa na kesi ya mchongaji James Earl Reid, aliyetengenezea shirika la kutetea watu wasio na makao sanamu ya familia inayolala nje. Hawakuzungumza habari za hakimiliki kabla ya kazi. Shirika lilidai ni yake kwa kuwa lilitoa wazo na maelekezo. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilikataa kumwita Reid mwajiriwa: alitumia vifaa vyake, karakana yake mwenyewe, kwa kazi moja tu ya muda mfupi.

Haki moja haihami hata ukiwa umeajiriwa: kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi, na kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna inayokuvunjia heshima. Kifungu cha 32 kinailinda. Jina lako likifutwa kwenye mchoro, dai.

Kwa mengine, mkataba ndio kinga. Kabla ya kupokea malipo ya awali, andika kwenye kotesheni: “Hakimiliki inabaki kwa msanii, mteja anaruhusiwa kutumia mchoro huu kwenye jalada la toleo hili pekee.” Mteja atie saini. Akikataa, basi ananunua hakimiliki, na bei ipande.

Naomba semina hii itoke na pendekezo moja kwa Bunge: kazi ya oda iondolewe kwenye kifungu cha 31.