Sahani Hairudi Tupu

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Mombasa



Tumeombwa tuseme machache juu ya maisha ya nyumbani ya familia zetu katika mji huu. Habari zetu za hadharani zimesimuliwa mara nyingi: majahazi yaliyotoka Kutch na Kathiawar yakisukumwa na kaskazi, reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, ambao wengi walirejea kwao na takriban 2,500 wakafia kazini. Hayo yameandikwa. Yasiyoandikwa ni yale yapitayo kati ya jiko na kizingiti cha mlango, na ndiyo tunayopenda kuyataja leo.

Joto limekuwa mwalimu wetu wa kwanza. Kaskazi ivumapo, kuanzia Desemba hadi Machi, mama wa nyumba huamka kabla ya jua ili amalize kupika chapati jiko lingali linavumilika. Adhuhuri chakula ni wali, dengu na mtindi mwepesi uliotiwa chumvi na bizari nyembamba. Kisha wazee hujinyoosha sakafuni, penye ubaridi. Hata jua lenyewe tumelitia kazini. Embe mbichi hukunwa, zikachanganywa na sukari na chumvi, zikaanikwa darini siku kadhaa mpaka sukari ikawa shira. Achari hiyo huliwa mwaka mzima, wala haikugusa moto.

Lakini joto lilitufundisha jambo kubwa kuliko mapishi: lilitutoa nje. Nyumba isiyo na kiyoyozi haifungiki. Jioni familia zilikaa barazani kungojea upepo wa bahari, na hapo ndipo tulipojuana na majirani. Hapo watoto wetu walijua Kiswahili kabla ya kukisoma shuleni. Hapo pia maneno yalihama nyumba: duka, gari, bima na laki yaliingia katika Kiswahili kwa njia ya lugha za Bara Hindi, na Kigujarati chetu cha hapa kikachukua kisu, sufuria, fagio na muhogo, ambao sisi twauita mogo.

Barazani ndipo zilipoanza safari za sahani. Mwezi wa Ramadhani, jirani yetu Mwislamu hutuletea kaimati, mbaazi za nazi na mkate wa sinia. Ajua hatuli nyama, na ajua pia kwamba mkate wetu hautiwi yai. Hakuyasoma kitabuni, ameyajua kwa kukaa nasi. Diwali ifikapo, sahani ile ile humrudia ikiwa na ladu na chevdo. Sahani hairudi tupu: hiyo ni sheria isiyo na hakimu, na haijavunjwa.

Kwa miaka mingi kila nyumba yetu iliulizana swali moja: je, hapa tunapita, au hapa ndipo kwetu? Sheria za uhamiaji za Kenya mwaka 1967 na za Uingereza mwaka 1968 ziliwatikisa wengi, na familia nyingi zikafunga masanduku. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilitutambua kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Tunashukuru. Hata hivyo, karatasi hutoa haki. Ujirani hutoa makazi.

Tunalisema hili kwa sababu milango yetu imebadilika. Ina vyuma, na nyuma yake viyoyozi vinanguruma. Vijana wengi wako Leicester au Toronto, na wazazi wao wamebaki na vyumba vitupu. Simu ya mtoto hufika mara moja, lakini bibi augapo usiku, gilasi ya maji huletwa na aliye karibu. Asiyejuana na jirani yake wakati wa kaimati, atamwitaje wakati wa homa?

Kwa hiyo tuna maombi matatu. Kwanza, kila familia irudi barazani walau saa moja jioni, hata umeme ukiwapo. Pili, sahani ipelekwe na watoto wenyewe, wajue jina la mama wa nyumba ya pili, na jinsi ya kumwamkia. Tatu, nanyi majirani zetu, msingoje kadi ya mwaliko: ukumbi huu ni wenu katika furaha na katika msiba.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Baada ya vizazi vinne vya kupelekeana sahani, ni vigumu kusema nani mgeni na nani mwenyeji. Lakini sote twahitaji kupona.

Mungu alibariki hekalu letu, mtaa wetu na mji wetu.