Kompyuta Inayosahau Anwani Yake

Juma lililopita tulijifunza kuunganisha kompyuta chache ziwe mtandao mmoja. Leo nataka kujibu barua ya bwana mmoja wa Ilula, ule mji wa nyanya na vitunguu katika Wilaya ya Kilolo, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya. Bwana huyu ana duka la stesheni. Wakati wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, vijana hujaa barazani kwake wakileta vyeti vyao viskaniwe na kutumwa.

Vyeti hivyo huwekwa katika kompyuta moja yenye Linux, na kompyuta nyingine tatu huvichukua humo. Fundi alikuja, akaipa ile moja anwani 192.168.1.50, na kazi ikaenda vizuri. Umeme ukakatika, ukarudi, na zile tatu hazikuiona tena. Fundi akaitwa, akalipwa, mambo yakatengemaa. Umeme ukakatika tena. “Mwalimu,” anaandika, “siku ya mwisho ya maombi binti mmoja alikaa kwangu tangu asubuhi mpaka jioni akimngoja fundi. Je, kompyuta yangu ni mbovu?”

La, bwana, kompyuta yako ni nzima. Hebu mfikirie dalali anayepakia nyanya kwenye lori. Hesabu ya matenga anaweza kuishika kichwani, au anaweza kuiandika daftarini. Maadamu yuko macho, hesabu zote mbili ni sawa. Akilala akaamka, iliyobaki ni ile ya daftarini. Kompyuta nayo ina kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo hufutika umeme ukizimwa, na ina diski, ambayo haifutiki. Fundi wako, nadhani, aliandika amri inayoanza na maneno ip addr add. Amri hiyo hufanya kazi papo hapo, lakini huiweka anwani kichwani tu. Kompyuta ilipowaka upya ikabaki na anwani iliyogawiwa na ruta, na zile tatu zikaendelea kubisha hodi kwenye 50, ambako hapakuwa na mtu.

Dawa ni kuandika daftarini. Chukueni kalamu, nitasema polepole. Katika Ubuntu za tangu mwaka 2017, daftari ni faili lenye mwisho wa yaml, ndani ya folda /etc/netplan. Andika anwani humo, ukisogeza mistari kwa kitufe cha nafasi, wala si kwa kitufe cha Tab, maana Tab hukataliwa. Kisha toa amri netplan try. Hiyo hungoja sekunde 120. Usipobonyeza Enter, mpangilio wa zamani hurudi. Mimi naipenda sana amri hii, kwani imeniokoa zaidi ya mara moja. Katika Debian ya kawaida, daftari mara nyingi ni faili /etc/network/interfaces. Kwa wenye Windows, njia iliyoongezwa kwa amri route add hupotea vivyo hivyo, isipokuwa umetia -p.

Lakini kuna mtego. Wengine huandika katika faili /etc/resolv.conf, wanaliona limehifadhiwa, na kesho yake limebadilika. Faili hilo mara nyingi huandikwa na programu nyingine kila kompyuta inapowaka. Soma mistari yake ya juu: mara nyingi onyo limeandikwa palepale, ila watu huliruka.

Tena angalia kwamba 50 haimo katika fungu la anwani ambazo ruta huzigawa yenyewe, la sivyo iko siku mashine mbili zitaitika jina moja. Njia nyingine ni kuiagiza ruta iwe inaipa kompyuta ile anwani ileile kila mara. Hapo kompyuta haina haja ya kukumbuka chochote. Ila ruta nayo ina kichwa na daftari! Katika ruta nyingi za Cisco, usipotoa amri copy running-config startup-config, kazi yote ya mchana mzima itakwenda na umeme.

Kama kinachosahauliwa ni tarehe na saa, hilo ni jambo jingine: tazama betri ndogo ya duara iliyo ndani, aghalabu CR2032. Kwa saa mbovu, tovuti nyingi hukataa kufunguka.

Basi, bwana wa Ilula, fundi akija tena, usimlipe mara tu anwani inapoonekana. Mwambie aizime kompyuta na ruta pia, aziwashe, halafu mfungue cheti kimoja kutoka kila kompyuta ya mezani. Fanyeni hivyo siku isiyo na wateja. Na wasikilizaji wengine wenye mtandao, jaribuni vivyo hivyo kabla ya somo lijalo, mniandikie kilichopotea. Kwaherini.