Kuisoma Jamii katika Masimulizi: Historia za Maisha na Bunilizi za Wenyeji kwa Msomaji wa Simiyu



1. Utangulizi

Mada niliyopewa ni kupendekeza vitabu. Kazi hii huonekana nyepesi, lakini anayependekeza kitabu hudokeza pia jinsi ya kukisoma na kitu cha kutafuta ndani yake. Kwa hiyo nitajikita katika aina mbili za maandishi, ambazo idara zetu zimezoea kuzitenganisha. Ya kwanza ni historia ya jamii iliyosimuliwa, yaani historia inayofuata maisha ya watu wa kawaida hatua kwa hatua, kwa mpangilio wa hadithi. Ya pili ni bunilizi za wenyeji, yaani riwaya na tamthilia zilizotungwa na watu wa mahali panaposimuliwa, kwa mtazamo wa ndani. Msomaji ninayemlenga ni kijana wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega, pamoja na mwalimu wake.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, lakini watu wake wana historia ndefu kuliko mipaka hiyo. Bariadi ni nchi ya Ntuzu ya zamani. Lugha yenyewe inashuhudia. Wenyeji wa magharibi ya Usukumani husema Kimunasukuma, wa Bariadi husema Ginantuzu, na wa upande wa mashariki na kusini yake husema Jinakiya. Kiambishi kimoja cha ngeli kinasikika kama ki-, gi- na ji- kadiri msafiri anavyosonga. Maneno sukuma, dakama, kiya na ng'weli nayo ni majina ya pande za dunia: kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Huko Meatu kuna pia Wataturu na Wahadzabe, na lugha ya Kihadza haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Jamii ya namna hii haiwezi kuelezwa kwa aya moja ya kitabu cha kiada.

2. Nyaraka zinasema nini, na zinanyamazia nini

Mfano wa kwanza unatoka mbali kidogo. Mwaka 1996 mwanahistoria Charles van Onselen wa Afrika Kusini alichapisha The Seed is Mine, kitabu kikubwa kuhusu maisha ya Kas Maine, mkulima Mwafrika aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1985. Maine alilima katika mashamba ya Wazungu kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Ukimtafuta katika nyaraka za serikali, unakuta karibu kitu kimoja tu: mwaka 1931 alitozwa faini kwa kukosa leseni ya mbwa. Mambo mengine yote, yaani ndoa zake, mifugo yake, ugomvi wake na wanawe, ukame aliouvumilia na mashamba aliyofukuzwa, yalipatikana kwa mahojiano ya miaka mingi. Nyaraka zilimhifadhi mwenye mbwa, na masimulizi yakamhifadhi mtu.

Sasa turudi kwetu. Nyaraka za Usukumani si chache. Zinatueleza mpango wa maendeleo ya Usukumani ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940, ambao uliwalazimisha watu kulima kwa matuta na kupunguza mifugo. Zinatueleza kwamba TANU ilizuiwa kufanya kazi Usukumani kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na kwamba mwaka 1955 wakulima wa pamba waliunganisha vyama vyao katika Shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani. Zinatueleza kuwa utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963, na vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. G. Andrew Maguire, katika kitabu chake cha mwaka 1969, Toward 'Uhuru' in Tanzania, ameyaeleza vizuri mambo ya siasa hadi miaka ya mwanzo ya uhuru, nami napendekeza mwanafunzi wa historia amsome.

Hata hivyo, nyaraka zikisema kwamba mwaka 1974 familia zilihamishiwa vijijini katika Operesheni Vijiji, hazisemi kilichoachwa nyuma. Kaya ya Kisukuma ilikuwa na boma lake, ua wake wa minyaa, makaburi yake, na ngitili yake, yaani eneo la malisho lililofungwa makusudi ili nyasi zibaki hadi kiangazi. Watu walipohamishwa, ngitili nyingi zilikosa mwenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulilazimika kurudi kwenye maarifa hayo hayo ya wazee ili kuiponya ardhi. Neno moja la Kisukuma, ngitili, limebeba historia ya nusu karne. Asiyejua neno hilo atasoma takwimu za kuhamishwa kwa watu bila kuelewa hasara yao.

3. Kisiwa kimoja, waandishi watatu

Kuna jambo ambalo wasomaji wa Kanda ya Ziwa hawajalitafakari vya kutosha. Waandishi watatu wakubwa wa riwaya katika ukanda huu, Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika, wote ni wana wa Ukerewe. Kisiwa kile kidogo kimejiandika. Nchi kavu pana ya Wasukuma, yenye watu wengi mara nyingi zaidi, bado inajisoma kwa sehemu kubwa katika kioo cha jirani. Si vibaya kujitazama katika kioo cha jirani, almuradi mtazamaji akumbuke kioo ni cha nani.

Kitabu cha kwanza ninachokipendekeza ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikamilisha riwaya hii kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo, naye baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, na mwandishi akafariki mwaka 1981. Kisa chake ni cha mume na mke waliokosa mtoto, na wakwe wakaamua kumchukua binti yao. Kutokana na mgogoro huo mdogo wa nyumbani, msomaji anafundishwa kilimo, uvuvi, uganga, adabu ya ukweni, mazishi na mapishi ya jamii ya kabla ya ukoloni. Kijana wa Bariadi atakutana na mambo anayoyajua kwa bibi yake, na mengine yaliyo tofauti kabisa. Tofauti hizo zina faida kubwa, kwa kuwa zinamfanya aulize: kwetu ilikuwaje?

Sambamba nacho, asome Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichoandaliwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1991. Ndani yake wanawake watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao wenyewe. Mombasa ni mbali na Bariadi, lakini kitabu hiki kinafundisha mbinu: swali fupi, jibu refu, na mhoji anayejua kunyamaza. Vilevile kinajaza pengo la Kitereza. Bugonoka anapendeza, ila maneno yake yametungwa na mwanamume. Kina mama wa Mombasa wanasema kwa midomo yao.

4. Riwaya na ushahidi

Kitabu cha pili ni Gamba la Nyoka cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1979. Humo tunaona sera ya vijiji vya ujamaa ikiingia katika maisha ya wanakijiji, wengine wakiipinga, na vijana waliosoma wakinaswa kati ya kauli za wakubwa na uhalisi wa mashamba. Riwaya hii iliandikwa wakati mambo yenyewe yalikuwa bado moto. Naipendekeza kwa mwanafunzi wa Simiyu kwa sharti moja: aisome akiwa na daftari, kisha aende kwa mzee aliyehamishwa amwulize. Asiende kuthibitisha kwamba Kezilahabi alisema kweli, kwa maana riwaya haiapishwi mahakamani. Aende kutafuta kile ambacho riwaya imemfundisha kukiuliza: nani alikubali haraka, nani alirudi usiku kuchukua milango ya nyumba yake, nani alifaidika na shule na zahanati zilizofuata. Masimulizi ya haki huyabeba yote mawili, hasara na faida.

Kitabu cha tatu ni Janga Sugu la Wazawa cha Ruhumbika, cha mwaka 2002. Kinahusu imani za uchawi na ushirikina zinavyoitafuna jamii kizazi baada ya kizazi. Hapa ndipo mada yetu inapoacha kuwa ya maktaba tu. Katika Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wakati mwingine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo mara nyingi ni wa moshi wa jikoni. Ripoti ya polisi itatoa idadi. Mwandishi wa riwaya anaweza kutuonyesha jinsi neno linavyoanza kwa mnong'ono, likapita kisimani, likafika kwa mganga, na hatimaye likawa panga. Wasomaji wanaoijua njia hiyo hatua kwa hatua wana nafasi ya kuikata kabla ya mwisho wake. Sijui sababu nzito kuliko hiyo ya kuweka riwaya katika maktaba ya shule ya sekondari.

5. Ng'wanamalundi na mpaka wa masimulizi

Siwezi kuzungumza juu ya Usukumani bila kumtaja Igulu Bugomola, aliyejulikana kama Ng'wanamalundi. Alikuwa manju hodari, na husimuliwa kwamba alinyoosha kidole miti ikakauka, na kwamba Wajerumani walimkamata na kumfunga. Emmanuel Mbogo alimchukua katika tamthilia yake ya mwaka 1988, Ngoma ya Ng'wanamalundi, akamtumia kuzungumzia utumwa wa fikra katika zama zetu. Wanafunzi huuliza: Ng'wanamalundi yupi ni wa kweli? Swali hilo linafaa kugawanywa. Kuna mtu aliyeishi wakati wa ukoloni. Kuna simulizi ambayo kila kijiji kimeiongezea chumvi yake. Na kuna mhusika wa Mbogo. Msomaji mzuri hawachanganyi hao watatu, wala hamdharau hata mmoja wao. Miti iliyokauka inatueleza kile ambacho watu walionyang'anywa mamlaka walitamani kukiona.

Ngoma zenyewe ni maktaba. Ushindani wa Bagika na Bagalu umetunza nyimbo zinazotaja watu, njaa, vita, bei ya pamba na watawala. Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2010, akaziweka kwa Kisukuma pamoja na tafsiri na maelezo ya Kiingereza. Ni hazina kubwa, lakini maelezo yake hayamfikii mkulima ambaye nyimbo ni zake. Kazi ya kuyaleta mambo kama hayo katika Kiswahili, na kuyarudisha Ntuzu, ni kazi yetu.

6. Tahadhari za mwanaisimu

Naomba nitoe tahadhari tatu. Kwanza, kumbukumbu huvuta matukio karibu. Mzee anaweza kuunganisha ukame mmoja na mwingine, kwa hiyo tarehe zilinganishwe na nyaraka, nazo nyaraka zilinganishwe na mzee. Pili, tafsiri hupunguza. Wazee wengi hulihusisha neno ntemi na kitenzi cha kutema, yaani kufyeka pori. Ukiandika "mfalme" umemvika taji na kumnyang'anya shoka. Mwandishi aliache neno la wenyeji pale linapobeba maana, kisha alieleze katika matini. Tatu, Kisukuma kina irabu saba, na herufi tano za Kiswahili hazitoshi. Baadhi ya maandishi ya Kisukuma huweka alama juu ya i na u kwa sababu hiyo. Anayenukuu nyimbo za bibi yake asione alama hizo kuwa usumbufu, maana bila hizo maneno mawili tofauti hugeuka kuwa moja.

7. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, mapendekezo yangu ni machache: Kitereza pamoja na wanawake wa Mombasa, Kezilahabi pamoja na mzee wa kijijini, Ruhumbika pamoja na taarifa za mauaji ya vikongwe, Mbogo pamoja na manju aliye hai. Kila bunilizi isomwe na ushahidi ubavuni mwake. Bunilizi hutufundisha maswali ya kuuliza, na historia hutuzuia tusiyajibu kwa matakwa yetu.

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa Operesheni Vijiji sasa amevuka miaka 70. Aliyekuwa na umri huo wakati TANU inazuiwa, kama yu hai, anakaribia 90 au ameshapita. Kitereza alisubiri miaka 35 kupata mchapishaji, na kazi yake ilisalimika kwa kuwa ilikuwa tayari imeandikwa. Masimulizi ambayo hayajaandikwa hayawezi kusubiri hivyo. Kwa wanafunzi mnaotoka Simiyu, na wengine mnaotoka kwenye mikoa iliyo katika hali kama hiyo, naomba likizo ijayo kila mmoja arekodi maisha ya mtu mmoja, kwa lugha ya mtu huyo. Aandike tarehe, kijiji, na ridhaa ya msimulizi, kisha nakala moja aiache kwa familia yake na nyingine katika shule iliyo jirani. Kutoka katika nakala hizo, mtu mmoja miongoni mwenu huenda akatunga riwaya ya Ntuzu.