Shahada ya Jiografia: Faida Yake, Deni Lake na Kazi Zake

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Voi



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya jambo lililotutatiza katika mkutano uliopita. Mzee mmoja aliuliza: je, yafaa fedha za wanachama zitumike kumsaidia kijana aendaye Chuo Kikuu kusoma Jiografia, hali twawajua waliosoma somo hilo wakarudi hapa Voi kuendesha bodaboda? Wengine wakataka fungu letu la masomo liwe la udaktari, uuguzi na uhandisi peke yake. Uamuzi ukaahirishwa hata leo.

Mimi nilifundisha Jiografia miaka mingi kabla ya kustaafu, na huenda mkanidhania kuwa wakili wa somo langu. Kwa hiyo naomba nianze kwa ushahidi unaonilaumu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu aliitwa chuoni. Akanijia na kuniuliza, "Mjomba, naweza kusoma shahada ya Ualimu yenye Jiografia na Historia, au shahada ya Sanaa katika Jiografia. Nichague ipi?" Nikamjibu upesi kwamba shahada ni shahada. Nikatia sahihi ya mdhamini katika fomu ya mkopo, nikampa nauli, tukaagana. Alipohitimu alitaka kuwa mwalimu. Akaambiwa kwamba mwenye shahada ya Sanaa hasajiliwi kuwa mwalimu mpaka apate kwanza stashahada ya uzamili ya ualimu, tena awe na masomo mawili ya kufundishia. Fedha za kurudi chuoni hazikuwapo. Akakaa nyumbani. Kwa aibu hakumwandikia mkopeshaji hata neno moja, na mimi sikumwuliza. Siku moja habari ya deni ikanifikia mimi mdhamini, nami nikaona limekwisha kuvimba. Ndugu zangu, kosa hilo halikuwa la Jiografia. Lilikuwa la mjomba aliyejibu kabla ya kuuliza.

Sasa na tutazame mizani yenyewe, kwanza upande wa deni. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo vijana huiita HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na kwa kawaida mkopaji hutakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Tuchukue mfano wa kijana aliyekopa shilingi 50,000 kila mwaka kwa miaka 4. Deni lake ni shilingi 200,000. Riba ya mwaka wa kwanza wa kulipa ni shilingi 8,000. Akilipa shilingi 4,000 kila mwezi atalimaliza kabla ya miaka 5 kutimia. Hilo ni deni linalobebeka.

Lakini sheria hiyo hiyo inaweka adhabu isiyopungua shilingi 5,000 kwa kila lipo la mwezi lisilolipwa. Hesabuni wenyewe: mtu anyamazaye mwaka mzima aweza kudaiwa adhabu ya shilingi 60,000, ambayo ni zaidi ya mara saba ya riba ya mwaka huo. Basi kinachowaangamiza vijana wetu aghalabu si mkopo, bali ni kunyamaza. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nami naongeza kwamba matanga huwa mazito zaidi kwa ajifichaye. Mara kadhaa Bodi imetangaza msamaha wa sehemu ya adhabu kwa waliojitokeza kulipa. Asiye na kazi na aandike barua na kueleza hali yake.

Tangu mwaka 2023 serikali ilileta mpango mpya uliogawa gharama za chuo katika ufadhili, mkopo na mchango wa nyumbani, kwa kadiri ya hali ya kila familia. Mpango huo ulipingwa mahakamani. Vyovyote iwavyo, mzazi hapana budi asome barua ya mwanawe mstari kwa mstari, ajue ni fedha gani za bure na ni zipi za kurudishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Upande wa pili wa mizani ni kazi na mapato. Shahada ya Jiografia hufungua milango, lakini karibu kila mlango una kufuli yake. Mlango wa ualimu hufunguliwa kwa usajili wa Tume ya Walimu, yaani TSC, na hata huko mwanzo si mnono: walimu wa mafunzo kazini walioingia sekondari za chini mwaka 2023 walipewa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Katika posho hiyo, lipo la mkopo la shilingi 4,000 ni sehemu moja ya tano, na bado hajalipa chumba wala chakula. Mlango wa upimaji wa ardhi una leseni yake. Mwenye Jiografia hawezi kutia sahihi ramani ya mipaka ya shamba lako. Upangaji wa miji nao una daftari lake la usajili. Katika kazi ya kukadiria athari za miradi kwa mazingira, ambayo iliwekwa na sheria ya mwaka 1999, mtaalamu lazima asajiliwe na NEMA. Mwanajiografia aweza kufika huko, lakini baada ya mafunzo na uzoefu.

Mlango uliobaki ni wa ramani za kompyuta na picha za setilaiti. Huu hauulizi sana jina la shahada, huuliza, "Waweza kufanya nini?" Kijana aliyehitimu bila kujua kazi hiyo kwa mikono yake amesoma nusu tu. Hata ajuaye, mara nyingi hupewa mkataba wa miezi, hapati kazi ya kudumu yenye pensheni. Nasema haya wazi ili mzazi asije akauza ng'ombe kwa ndoto.

Baada ya hayo, mwaweza kuuliza kwa nini tusifunge fungu hili kwa Jiografia. Nawaomba mtazame nchi yetu. Yapata asilimia 62 ya eneo la Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo. Tumeshindana na jirani zetu wa Kwale juu ya mpaka wa Mackinnon Road, na mashindano ya namna hiyo huamuliwa kwa ramani na kumbukumbu zaidi ya kelele. Wazee wanakumbuka habari za Taita Hills Association, iliyotetea ardhi iliyochukuliwa, nayo ikapigwa marufuku mwaka 1940. Watu wale walijua mipaka ya mababu kwa miguu yao, lakini ramani zilikuwa mikononi mwa wengine.

Na leo je? Chuo Kikuu cha Helsinki, kutoka Ufini, kina kituo cha utafiti pale Wundanyi, na wanajiografia wake wamepima misitu na mashamba ya milima yetu kwa miaka mingi. Kule Kasigau, mradi wa kulinda misitu ulipata mwaka 2011 hati za hewa ya ukaa, ukiwa wa kwanza wa aina yake chini ya kanuni za Verified Carbon Standard. Hati hizo hutokana na vipimo: unene wa miti hupimwa kwa utepe, picha za setilaiti hulinganishwa, hesabu hufanywa. Kazi ya Jiografia basi ipo hapa hapa. Swali ni kama itafanywa na watoto wetu. Wala somo hili si la watu wadogo: Profesa Simeon Ominde, aliyeongoza tume ya elimu ya Kenya huru mwaka 1964, alikuwa mwanajiografia.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, natoa shauri hili. Fungu lisifungwe kwa jina la somo. Badala yake kila mwombaji, awe wa Jiografia au wa uhandisi, aje na mzazi wake mbele ya kamati na kujibu maswali matatu. Kwanza, shahada hii inasajiliwa na nani, na kwa masharti gani? Pili, deni litakuwa kiasi gani siku ya kuhitimu, na lipo la kila mwezi ni shilingi ngapi? Tatu, ni kazi gani ya mikono utakayokuwa umeijua kabla ya mwaka wa mwisho? Asiyeweza kujibu asifukuzwe. Apewe mwezi mmoja akaulize. Tena kamati imteue mwanachama mmoja wa kumfuata kila kijana mwaka mmoja baada ya kuhitimu, amwulize habari za mkopo wake, kwa maana mimi sikumwuliza wangu.

Mpwa wangu sasa hutengeneza ramani kwa mikataba. Mwaka mwingine kazi hupatikana, mwaka mwingine huja kunisaidia shambani. Deni lake bado halijaisha, bali analilipa kila mwezi, na risiti hunionyesha. Mtoto wa dada yake amefaulu mwaka huu, naye anataka kusoma Jiografia. Safari hii nimemwambia aniachie siku saba nikaulize kwanza.